Dakika Ishirini Kwenye Stoo ya Vitenge

Juzi Rehema alipanda ngazi hadi kwangu, ghorofa ya tatu hapa Mchafukoge, akafika anahema kama mtu aliyekimbizwa na mgambo. Rehema ni binti wa miaka ishirini na mbili, anauza vifuniko vya simu Kariakoo, na tangu mwaka jana ananijia nimfundishe tarumbeta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mazoezi yanaendaje?"

"Yaani babu, wiki hii sijapata nafasi kabisa."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nafasi! Kariakoo ninayoijua mimi, hata nafasi ya kuweka mguu huipati. Unamkanyaga mwenzako, mnasameheana, mnasonga mbele. Sasa nafasi ya kupuliza tarumbeta utaiokota wapi? Nimeishi katikati ya mji huu maisha yangu yote, na sijaona hata siku moja nafasi ikitembea barabarani inamtafuta mpiga muziki.

Rehema akanuna. Halafu akanionyesha simu yake: video anapiga, taa imekaa vizuri, kilemba kimekaa vizuri zaidi, na chini watu wamebandika mioyo kibao. Alikuwa amepiga nusu dakika. Kuiandaa kulimchukua jioni nzima.

"Hongera," nikamwambia. "Simu yako imefanya mazoezi kuliko wewe."

Alicheka, maana ana moyo mzuri. Lakini alipoondoka nikaona maneno haya hayamhusu yeye peke yake. Mnanijia wengi, mwenye gitaa, mwenye kinanda, mwenye zumari la mjomba wake, na wote wimbo wenu ni mmoja: babu, sina muda. Basi leo nawasimulia wote kwa pamoja, mradi msinikatize.

Mimi naitwa Hamisi. Mtaani nilikuwa Parapanda, na nywele zilipogeuka nyeupe nikawa Babu Parapanda. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kupuliza tarumbeta katika bendi ya harusi. Mnatujua: wale wanaokaa nyuma ya pikapu mbele ya gari la bibi harusi, wanapuliza mtaa hadi mtaa, madereva wanatukana, na mashangazi wanashuka kwenye magari kucheza katikati ya lami. Nimewapeleka ukumbini wanawake wengi wa mji huu. Baadhi yao nimewapeleka mara mbili, na mara ya pili walinikonyeza ninyamaze.

Msidhani nilizaliwa na nidhamu. Nilipoingia kwenye bendi nilikuwa mbaya kuliko Rehema. Tangu Jumatatu mpaka Ijumaa tarumbeta langu lililala ndani ya mfuko wake, chini ya kitanda, nyuma ya mabeseni ya mke wangu Zuhura. Jumamosi asubuhi ndiyo nalivuta, nalipuliza masaa manne mfululizo mpaka midomo inavimba kama maandazi, halafu nazunguka mtaani najiona mtu wa bidii kuliko wote.

Kiongozi wetu, Mwalimu Mhina, alikuwa mzee mfupi aliyestaafu kwenye bendi ya askari. Alizungumza polepole na kwa sauti ya chini sana. Ukitaka kumsikia ilikubidi umwinamie, na ukishamwinamia tayari umeshaonekana mkosaji. Aliniambia mara mbili: "Hamisi, mdomo ni msuli. Huwezi kula chakula cha wiki nzima Jumamosi."

"Ndiyo, Mwalimu," nikajibu. Ile ile ndiyo mnayonijibu ninyi.

Likatokea la kutokea. Alasiri moja tulikuwa tunampeleka bibi harusi kwenye ukumbi mmoja jirani na Mnazi Mmoja. Njia nzima nilipuliza kama nimelipwa kwa pumzi. Pikapu ikipunguza mwendo, naongeza sauti. Nikiona wasichana wamesimama barazani, naongeza tena. Mwalimu Mhina alinitazama mara moja tu. Tukafika ukumbini.

Sasa desturi yetu ilikuwa hivi: bibi harusi akishuka garini, bendi yote inanyamaza. Tarumbeta moja linaanza peke yake, linapanda polepole mpaka sauti ya juu kabisa, linaishikilia pale, ndipo ngoma zinaingia na watu wanapiga vigelegele. Tarumbeta hilo lilikuwa langu. Nikavuta pumzi, nikaanza, nikapanda, nikaifikia ile sauti ya juu, na midomo ikagoma. Kilichotoka, Mungu anisamehe, kilikuwa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa.

Shangazi mmoja mwenye sauti pana akauliza, "Jamani, na mbuzi naye kaalikwa?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bibi harusi mwenyewe alicheka, na laiti angeishia hapo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, wanja ukashuka mashavuni, wakamrudisha garini kumpaka upya. Bwana harusi akabaki mlangoni amesimama peke yake kama mlinzi. Mwalimu Mhina akachukua saksafoni yake, akaimaliza ile sehemu kwa utulivu, kama vile ndivyo ilivyopangwa.

Kesho yake aliniita. Akachukua tarumbeta langu, akalichomoa kidomo, yaani kile kikombe kidogo cha chuma unachokiweka mdomoni. Kidomo akanipa. Tarumbeta akalifunga kabatini mwake.

"Hiki peke yake," akasema. "Dakika kumi kila siku. Na kwenye bendi utapiga matoazi."

Matoazi! Mtu mzima mwenye mke na mtoto, nagonganisha visahani vya shaba. Na kidomo bila tarumbeta, kama hamjakisikia, kinalia kama nzi mkubwa aliyenaswa kwenye chupa. Mtoto wangu Mwajuma alikuwa mdogo wakati huo, akanifuata chumba hadi chumba akimtafuta huyo nzi. Lakini nilipuliza kila siku, kwa hasira tupu. Baada ya miezi mitatu Mwalimu Mhina alinisikiliza, akafungua kabati.

"Sasa dakika ishirini," akasema. "Kila siku, saa ile ile."

"Wapi, Mwalimu?"

"Hilo ni lako."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa gumu. Nilianza hapa hapa nyumbani. Chini yetu aliishi Mama Bhavna, Mhindi, fundi cherehani, aliyekuwa akisali asubuhi na kengele yake ndogo. Siku ya kwanza kengele na tarumbeta vilishindana. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu alipanda na sahani ya ladu, zile tamtam za mviringo, akanikabidhi kwa adabu zote.

"Baba Mwajuma, kula. Mtu anayekula hawezi kupuliza."

Akaleta na siku ya nne, na ya tano. Ningeendelea ningekuwa na kisukari leo.

Nikahamia viwanja vya Mnazi Mmoja. Nikajitafutia upande tulivu, nikaanza kupuliza sauti ndefu, moja moja. Nageuka, watu kumi wamesimama. Nageuka tena, thelathini. Mama mmoja akatandika khanga, akakaa mbele kabisa. Bwana mmoja akanisogelea. "Samahani kaka, mgeni rasmi anafika saa ngapi?" Nikamwambia hakuna mgeni rasmi, nafanya mazoezi. Hakuniamini. Ilibidi nitangaze kwa sauti kuwa hapana mkutano, hapana dawa, hapana mahubiri, na watu wakatawanyika wakinung'unika kama nimewadhulumu.

Aliyeniokoa ni Mama Bhavna, kwa ajili ya masikio yake. Asubuhi moja akanigongea, akasema, "Vaa viatu. Nimekupatia pa kuzika hizo kelele."

Akanipeleka Kariakoo kwa mtu aliyekuwa akimuuzia vitambaa. Alikuwa Mzee Nasoro, muuzaji wa vitenge kwa jumla. Ukoo wake ulitoka Hadhramaut, lakini yeye kazaliwa Kariakoo, kakulia Kariakoo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo mpaka kwenye matusi. Tulimkuta amevaa kikoi na fulana, anakunywa kahawa mlangoni pa duka. Mama Bhavna akamweleza shida yangu, kwa kweli akaeleza shida yake. Mzee Nasoro akanitazama toka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye wa yule mbuzi?"

Habari zilikuwa zimefika mpaka huko.

Akatufungulia stoo nyuma ya duka. Chumba kirefu, hakina dirisha, na toka sakafuni mpaka darini ni mabunda ya vitenge na majora ya vitambaa, katikati kijia cha mtu mmoja. Kulinukia wanga wa nguo mpya. Nikapuliza. Sauti ilitoka kwenye tarumbeta ikafa pale pale, kama maji yaliyomwagwa mchangani.

"Mzee," nikasema, "humu sauti yangu haisikiki."

"Ndiyo maana nimekuruhusu."

Akanipa sharti lake. Yeye hufungua saa moja asubuhi. Nifike saa moja, nimsaidie kuinua mlango wa chuma, niingie stoo, nipulize dakika ishirini yeye akinywa kahawa, nitoke. Nikamshukuru, nikasema nitakuja kila nikipata nafasi.

"Nafasi?" akasema. "Sikiliza, Hamisi. Mimi muziki siujui. Ninachojua ni kufungua duka. Ukifungua leo saa moja, kesho saa nne, keshokutwa usifungue, mteja anahama, na akihama harudi kukuambia kwa nini. Ukija, njoo kila siku. Usipoweza, kaa na Mama Bhavna ule ladu."

Ndivyo nilivyoanza. Na nawaambia ukweli, mwezi wa kwanza nilichukia kila asubuhi. Kwenye chumba chenye mwangwi, mpigaji mbovu hujisikia mzuri. Ukuta unamsaidia kusema uongo. Vitenge havisaidii mtu. Ukitetereka unasikia umetetereka. Ninyi mnaopenda kufanyia mazoezi bafuni kwa sababu "sauti inatoka vizuri", mjue anayepiga vizuri ni bafu.

Mnaniulizaga nilikuwa nafanya nini hasa. Nilikuwa naanza na sauti ndefu za chini, taratibu, bila haraka, kwa muda wa kahawa kikombe kimoja. Kisha kile kilichonishinda jana, na si wimbo mzima, ni ile sehemu ndogo tu iliyonishinda, polepole mpaka ikubali. Rehema yeye anaanza na wimbo anaoujua, anaumaliza, anaupiga tena, halafu anasema kafanya mazoezi. Mwanangu, hayo ni maonyesho bila watazamaji. Na kila nilipopuliza dakika moja, nilipumzika karibu dakika moja, maana msuli unajengeka ukipumzika. Mwisho kabisa nilijipa kipande ninachokipenda, ili kesho miguu ikubali kurudi. Ah, na kulisafisha: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kila wiki. Mmoja wenu aliniletea tarumbeta lake mwezi jana, nikapuliza, nikaonja makande. Simtaji jina. Anajijua.

Mzee Nasoro, aliyedai hajui muziki, alinichunga kuliko Mwalimu Mhina. Nikitoka mapema anasema bila kunitazama, "Leo umepuliza nusu."

"Umejuaje, Mzee?"

"Kahawa bado ya moto."

Na Zuhura naye akaingia kazini. Asubuhi moja nilikuwa najivutavuta, nasema nikianza kulitafuta tarumbeta nitachelewa, afadhali kesho. Akachukua msumari na jiwe la kusagia, akaupiga ukutani jirani na mlango, akalitundika tarumbeta pale bila mfuko.

"Baba Mwajuma, kule chini ya kitanda hata mwizi angekata tamaa. Sasa ukitoka lazima likuguse bega."

Ukilificha chombo chako, umeshajiandalia sababu. Hiyo si hekima yangu, ni ya Zuhura, na aliisema huku akitafuta pa kupigia msumari wa pili wa mwavuli wake.

Niliteleza, naam. Kuna wiki timu yangu ilishinda, nikashangilia siku mbili, na siku zote mbili sikwenda stoo. Siku ya tatu nimefika saa moja na dakika tano. Mlango wa chuma umeshainuliwa. Mzee Nasoro, na magoti yake yale mabovu, ameuinua peke yake. Anakunywa kahawa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua?"

"Nimekuja... mazoezi."

"Aa. Yule kijana wa mazoezi amehama. Nilidhani wewe ni ndugu yake, mmefanana."

Nilisimama mlangoni kama mtoto aliyetoroka chuoni. Aliniacha nisimame mpaka kikombe kikaisha, ndipo akasogeza mguu kunipisha. Tangu hapo nikajiwekea sheria: siku nikiwa na homa, siku nikiwa na msiba, siku nikiwa sitaki hata kuliona, nitakwenda na kupuliza dakika tano. Dakika tano mbovu. Siku ile mbovu ndiyo inayoibeba wiki.

Nilirudishiwa nafasi yangu mbele ya bendi, na kwa miaka kadhaa nilipuliza sauti ile ya juu milangoni mwa kumbi bila mbuzi kuonekana. Nikaanza kuvimba kichwa. Halafu likanipata ambalo mpiga tarumbeta haombei hata adui yake.

Ilikuwa mchana, Kariakoo imejaa. Mbele yangu anatembea mchukuzi amebeba mabomba ya chuma begani. Mtu akamwita kwa jina. Mtu aliyebeba mabomba hageuzi kichwa, anageuka mzima, na mabomba nayo yanageuka. Ncha ya bomba ilinipiga mdomoni. Sikusikia maumivu mwanzoni; nilisikia mlio. Nilipoweka mkono, jino la mbele lilikuwa kiganjani, la pili linacheza, na mdomo wa juu umepasuka.

Yule mchukuzi alilia kuliko mimi. Alinishika mkono mpaka kwa daktari, ananiambia, "Kaka nisamehe, kaka nisamehe," nami siwezi kujibu kwa damu. Daktari alishona mdomo, akang'oa jino la pili, akaniambia nikipona atanitengenezea meno ya bandia. Nikamwandikia kwenye karatasi: TARUMBETA? Akaisoma. Akatazama dirishani kabla ya kunijibu.

"Kwa kula na kuongea utakuwa sawa," akasema. "Kwa hilo, sijui."

Nilirudi nyumbani nikalala nimeelekea ukuta. Siku tatu, nne, wiki. Zuhura ananiletea uji, naunywa kwa upande mmoja wa mdomo. Tarumbeta liko kwenye msumari wake. Nikamwomba alitoe pale. Hakulitoa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuelewa kuwa sikuwa na kazi nyingine duniani, na kwamba nisipopuliza sijui mimi ni nani.

Asubuhi moja nikasikia mtu anapanda ngazi, hatua moja, anapumzika, hatua moja, anapumzika. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Nasoro. Sikuwahi kumwona mbali na duka lake isipokuwa msikitini. Alikaa kwenye kiti, akakamata magoti yake mawili, akasubiri pumzi irudi.

"Nimekuja kuangalia kama umekufa," akasema. "Watu wanauliza, na mimi sipendi kusema uongo."

Nikamwonyesha mdomo. "Umeharibika, Mzee. Nimekwisha."

"Nimekuuliza mdomo? Miguu inatembea?"

"Inatembea."

"Mikono inainua mlango?"

"Inainua."

"Basi kesho saa moja."

"Nije kufanya nini, Mzee, na siwezi kupuliza?"

"Mimi nitajuaje? Muziki siujui." Akasimama, akaanza kushuka zile ngazi.

Kesho yake nilikwenda. Niliona haya hata kulibeba tarumbeta barabarani, lakini lilinigusa bega pale mlangoni, nikalichukua. Nikainua mlango wa chuma. Nikaingia stoo, nikakaa juu ya bunda la vitenge, tarumbeta mapajani, dakika ishirini. Sikuliweka mdomoni. Nilibonyeza vile vitufe vitatu kwa vidole, nikipiga nyimbo zote kichwani. Nilitoka, Mzee Nasoro akaniitikia kwa kichwa. Nikaenda na kesho yake. Wiki saba, wanangu, nilikaa juu ya lile bunda bila kutoa sauti hata moja. Mtu angeniona angesema mzimu wa Parapanda. Lakini nawaapia, meno mapya yalipowekwa na daktari akaniruhusu kujaribu, sikuhitaji kujishawishi kuanza. Sikuwa nimeacha.

Siku ya kwanza ilitoka hewa tupu. Ya pili hewa. Ya nne ikatoka sauti kama birika linalokaribia kuchemka, na nje nikasikia Mzee Nasoro anamwambia mteja, "Usijali, ni bomba la maji." Nikacheka, meno ya bandia yakachezacheza, ikabidi niache kupuliza. Nilirudi kwenye kidomo peke yake, dakika tatu, kisha tano. Nikasogeza kidomo kidogo upande wa kushoto, ambako mdomo haukupasuka, nikajifunza upya kama mtoto. Nilichokuwa nakipiga nikiwa na usingizi sasa kilinichukua mwezi. Kwenye bendi Mwalimu Mhina alinipa sauti ya tatu, ile ya chini kabisa isiyosikiwa na mtu, na mbele yangu akamweka kijana aliyekuwa akinipa pole za uongo. Mwaka na zaidi nilipuliza nyuma yake. Nilikuwa na wivu, sitawaficha. Nikaupeleka stoo kila asubuhi, nikaupuliza humo.

Alasiri moja mlangoni mwa ukumbi, bendi imenyamaza, bibi harusi ameshuka, yule kijana amelinyanyua tarumbeta lake. Mwalimu Mhina akamgusa mkono alishushe. Akaninyooshea mimi kidole. Nikapuliza. Sauti ilipanda, ikafika, ikakaa. Ngoma zikaingia. Nilipomtazama Mwalimu Mhina alikuwa amekwisha kunipa mgongo, anawahesabia wengine mwendo.

Mnaona Kariakoo ya sasa, ghorofa juu ya ghorofa. Nyumba zile za zamani ziliondoka moja baada ya nyingine, na zamu ya duka la Mzee Nasoro ikafika. Magoti yalikuwa yamemshinda kabisa, na watoto wake walitaka kujenga. Akaniambia siku moja tukiinua mlango, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua: "Mwisho wa wiki wanahamisha mzigo."

Asubuhi ya mwisho nilifika saa moja. Mlango ulikuwa wazi, wachukuzi wawili wanatoa mabunda ya mwisho. Nikasema basi leo tusifanye, kuna vurugu. Mzee Nasoro akanitazama vile alivyonitazama siku ile niliporudi baada ya timu kushinda, nikaingia.

Stoo ilikuwa tupu. Sikuwahi kuona kuta zake. Zilikuwa na rangi ya kijani. Sakafuni vumbi na vipande vya kamba. Nikasimama katikati, maana sasa katikati palikuwepo, nikaanza na ile sauti ndefu ya chini kama kawaida.

Sauti ilitoka, ikaenda ikagusa ukuta wa mwisho, ikarudi. Ikajaa chumba. Nilishtuka nikaacha, nikageuka nyuma nikidhani kaingia mpigaji mwingine. Hapakuwa na mtu ila Mzee Nasoro, ameshika mlango kwa mkono mmoja, kikombe kimeinama mkononi kahawa inamwagikia kikoi, hana habari.

"Hamisi," akasema, "ni wewe huyo?"

"Sijui, Mzee. Nadhani ni mimi."

"Miaka yote hii nakuhesabu mpigaji wa kawaida."

"Hata mimi, Mzee. Hata mimi."

Akajifuta macho kwa ncha ya kikoi, kisha akajifanya anafuta kahawa. Wale wachukuzi wawili walikuwa wamekuja kuchukua kamba na vipande vilivyobaki. Wamesimama kizingitini, mmoja anatazama saa ya simu yake, kwa sababu gari linawasubiri nje. Nikaanza kulishusha tarumbeta niwapishe.

Mzee Nasoro akanyoosha mguu akauziba mlango.

"Kaeni chini," akawaambia. "Huyu hajamaliza."

Wakakaa sakafuni, na mimi nikaendelea.